Siku Walipoziba Ufa

Mume wangu alirudi kutoka kwa kinyozi akiwa amenyolewa ndevu za upande mmoja tu. Upande wa kulia uso wake ulikuwa laini kama wa kijana. Upande wa kushoto mvi zilikuwa zimesimama vile vile alivyoondoka nazo, na povu la sabuni limeanza kumkaukia sikioni. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya kwanza tunakoishi, akawapita watu wawili bila kuwasalimia, akaingia jikoni.

"Amekata nguzo," akasema.

"Nani?"

"Huyu kijana wa chini. Kinyozi. Amekata nguzo ili aweke sinki."

Mume wangu alikuwa fundi mwashi kwa miaka arobaini na moja. Alishika mwiko kabla hajaota ndevu, na hadi leo akipita kwenye jengo alilolijenga huligusa kidogo kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Lakini mwaka ule alikuwa ameanza kusahau. Mara mbili alipanda hadi ghorofa ya nne, akahangaika na ufunguo kwenye mlango wa watu. Mara moja aliacha bomba wazi, maji yakashuka ngazi zote hadi nje. Majirani walikuwa wapole. Walimrudisha nyumbani kwa kumshika mkono. Ila mtu akishashikwa mkono mara tatu, hata neno lake huanza kushikwa mkono.

Kwa hiyo habari ya ndevu ilifika kwa watu kabla ya habari ya nguzo. Hadi jioni jengo zima lilijua kwamba mzee alitoroka katikati ya kunyolewa. Nguzo hakuna aliyeisikia.

Jengo letu lina ghorofa nne juu ya ile ya chini, na kila ghorofa ina nyumba tatu. Kila mtu anamiliki nyumba yake, lakini ngazi, paa na kuta za nje ni mali yetu sote, na mnajua cha wote kinavyotunzwa. Chini, kwenye kona inayotazama barabara, ndipo ilipo saluni. Juu ya kona hiyo ni jiko letu. Juu yetu ni jiko la mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Juu yake, ghorofa ya tatu, ni kwa binti yetu, ambaye aligeuza vyumba vyake, na kona hiyo hiyo akaifanya mahali wanapolala watoto. Wajukuu wetu ni wawili, msichana wa miaka minne na mdogo wake ambaye ndio kwanza ameanza kukimbia.

Nilimfuta mume wangu povu, tukashuka pamoja.

"Karibu, mama," kinyozi akasema. "Nimemkosea nini baba? Kaondoka na taulo langu."

Ni kijana mwema, lazima niseme hivyo. Wazee wote wa jengo huwanyoa bure, na mitungi ya gesi ya wajane huibeba yeye hadi juu bila kuombwa. Alituvutia viti. Mume wangu hakukaa. Alisogea nyuma ya sinki jipya, akainama, akaweka mkono pale penye kivuli.

"Hapa palikuwa na unene gani?"

"Ilikuwa inakula nafasi, baba. Mteja akiinama kuoshwa kichwa anagonga kisogo. Fundi kaichonga kidogo tu, kama mtu anavyopunguza nywele."

"Nywele huota. Nondo haioti. Umekata nondo ngapi?"

"Vile vyuma? Viwili, vitatu hivi. Vilikuwa vimemkalia fundi njiani."

"Vitatu."

"Lakini baba, huu mwezi wa pili sasa. Mbona jengo limesimama?"

"Limesimama kwa mazoea," mume wangu akasema.

Kinyozi alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Alinitazama kwa huruma. Kisha akamwambia mume wangu kwa sauti ya kubembeleza: "Kaa basi, baba, nikumalizie upande wa pili. Watu watasema nimekupa nusu kwa sababu hulipi."

Kesho yake tulikwenda kwa mwenyekiti. Ni muuguzi mstaafu, mwanamke wa mikono misafi na maneno machache, na ngazi za jengo letu zinapigwa deki kila siku kwa sababu yake. Alitupokea vizuri. Mume wangu alimweleza kwamba ngazini, baina ya chini na ghorofa ya kwanza, kuna ufa uliolala kimshazari, na wa pili uko juu zaidi, na wa tatu uko kwa binti yetu pembeni ya kitanda cha watoto, na zote zinatazama kona moja.

"Mzee wetu," akasema, "jengo lina miaka ishirini na mitano. Litakosaje mikunjo? Hata mimi ninayo."

"Mikunjo yako haibebi watu."

"Haya bwana." Akacheka, nami nikacheka. Mume wangu hakucheka. Mwenyekiti akaniwekea mkono begani wakati wa kutoka, akanong'ona: "Vumilia, dada. Ugonjwa huu huanza na wasiwasi. Mwenyewe nimewauguza wengi."

 Mungu anisamehe, siku ile hata mimi nilijiuliza. Usiku nilisali, nikamwomba anionyeshe kama mume wangu anaona kitu au anaota kitu, maana vyote viwili vingeniumiza, lakini nilitaka kujua kipi.

Asubuhi mume wangu alikoroga plasta nyeupe kwenye bakuli la zamani, kidogo tu, kama uji wa mtoto. Akaenda kwenye ufa wa kwanza, akapaka kipande chenye ukubwa wa kiganja juu yake, upande mmoja hadi wa pili, kikaufunika ufa katikati kama bendeji. Akafanya hivyo hivyo kwenye ufa wa pili na wa tatu. Vilipokauka alinipa msumari.

"Andika tarehe."

"Mimi?"

"Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu."

Nilianza kujifunza kusoma na kuandika, darasa la jioni, nikiwa tayari bibi mwenye wajukuu, na nambari ndizo nilizozipenda kwanza, kwa sababu hazinichanganyi kama herufi. Nilichora tarehe ile kwenye kila kipande polepole, nikiwa nimeushikilia ukuta kwa mkono wa pili.

"Sasa tunangoja," akasema. "Plasta hii haina mahali pa kujificha. Ukuta ukitembea hata unene wa wembe, inakatika. Watu waseme mimi nasahau. Plasta ina tarehe."

Siku ya tisa kipande cha kwanza kilikatika. Alinishika mkono akanipeleka, akanionyesha mstari mwembamba uliopita katikati ya nambari zangu. Siku ya kumi na sita cha pili kilikatika. Siku ya ishirini cha tatu, kwa binti yetu, kilipasuka kabisa, na ukucha wa kidole changu kidogo uliingia ndani ya ufa. Kando yake kulikuwa na kitanda cha watoto, shuka lenye maua na kikaragosi cha kitambaa kisicho na jicho moja.

Nilipiga magoti pale pale. Nilimshukuru Mungu kwamba mume wangu hakuwa anaota. Halafu nikaelewa nilichokuwa ninashukuru, shukrani ikanikwama.

Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni akimnyonyesha mdogo. "Mama, hilo tope litakaa ukutani kwangu mpaka lini?"

"Mpaka aje mtu wa kuliona. Hamisha kitanda, mwanangu."

"Nikihamishie wapi? Chumba kingine ni cha kwetu, na kule ukumbini hata kuku hageuki." Kisha akashusha sauti. "Mama, nimempatia baba nafasi hospitali kubwa. Vipimo vya kichwa. Usimwambie ni vya kichwa."

Niliandika barua kwa halmashauri. Niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno kwa sababu niliweka na habari ya ndevu. Ya nne ilisema tu: kuna nguzo iliyokatwa, kuna nyufa tatu, plasta zimekatika kwa tarehe hizi na hizi, na juu ya nguzo hiyo wanalala watoto. Mwalimu wetu wa jioni aliisoma, akaongeza mkato mmoja, akasema, "Ipeleke hivi hivi, mama. Inaeleweka." Niliipeleka mwenyewe, nikagongewa muhuri.

Baada ya wiki tatu halmashauri ilinijibu. Mkaguzi wa majengo angekuja Jumanne, saa tatu asubuhi.

Hapo ndipo nilipokosea, ingawa nilikosea kwa nia njema. Niliona si vizuri kumleta mgeni kwenye nyumba za watu kwa kuwashtukiza. Hawa ni majirani zangu. Nimekula kwao, wamenizikia mama yangu. Nikachukua karatasi safi nikaandika: "Jumanne saa tatu asubuhi mkaguzi wa majengo atakuja kuangalia nyufa zetu. Tafadhali tumpe ushirikiano." Nikaibandika kwenye ubao wa matangazo mlangoni. Lilikuwa tangazo la kwanza maishani mwangu, na nilisimama hatua mbili nyuma kuangalia kama mistari imenyooka.

Mume wangu alilisoma alipotoka dukani. "Umewaambia?"

"Ni watu wetu."

Alifikiri kidogo. "Ni watu wetu," akasema.

Nafasi ya hospitali ilikuwa Jumapili, siku mbili kabla ya mkaguzi kuja. Walimlaza usiku mmoja. Walimuuliza siku, mwezi, na jina la kiongozi wa nchi. Walimwambia achore saa ya ukutani, akachora dirisha, lenye vipimo vyote sahihi na kizingiti juu yake. Daktari alilitazama kwa muda mrefu. Mimi nililala kwenye benchi la nje na rozari ya vidole vyangu kumi, nikihesabu sala kwa vifundo. Jumatatu alasiri walituruhusu.

Harufu ya rangi nilianza kuisikia kabla hatujafungua mlango wa jengo.

Mwenyekiti alikuwa kwenye ngazi ya tatu, kitambaa kichwani, brashi mkononi, matone meupe kwenye miwani. Nyuma yake mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya nne alikuwa anafuta sakafu. Fundi cherehani anayeishi karibu na mwenyekiti alikuwa anaosha ndoo. Kinyozi alikuwa juu ya stuli, anamalizia kona ya dari. Watoto walikuwa wamekatazwa kupita na walikuwa wamejipanga nje ya mlango kama waumini. Sijawahi kuliona jengo letu likifanya kazi kwa umoja namna ile.

"Msiguse, mbichi," mwenyekiti akasema. "Mmerudi mapema. Tulitaka mkute tumemaliza."

"Nyufa ziko wapi?" mume wangu akauliza.

"Zimekwisha, mzee wetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndivyo mlivyotufundisha nyinyi mafundi? Tumekwangua lile tope, tukajaza, tukapiga msasa, tukapaka rangi mara mbili. Kinyozi katoa rangi yote, hakutaka mtu achangie."

"Ni kosa langu, baba," kinyozi akasema kutoka juu ya stuli, na alimaanisha. "Nilikutia wasiwasi. Hata ile nguzo nimeifunika kwa mbao na kioo kirefu. Huioni tena."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," fundi cherehani akasema, akakung'uta ndoo. "Tungempokeaje mtu wa serikali na ukuta wenye viraka? Angetuandika sisi wachafu."

Mume wangu alisimama mbele ya ukuta mweupe. Aliinua kiganja, akakumbuka ni mbichi, akakishusha. Akageuka kunitazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyeingia chumbani na kusahau alichokuja kuchukua.

"Tarehe ziliandikwa hapa," akasema. "Si ziliandikwa hapa?"

"Ziliandikwa hapa, baba watoto."

Nilikimbia hadi kwa binti yetu, nikapanda ngazi zote bila kupumua. Alikuwa ameketi kitandani mwa watoto, anakunja nguo. Ukuta ulikuwa safi.

"Nawe?"

"Mama, walikuja na brashi hadi mlangoni, wamejitolea wote. Ningewaambiaje hapana? Na baba yuko hospitali ya kichwa." Akaanza kulia kabla yangu. "Ningewaambiaje?"

Jumanne mkaguzi alifika saa tatu kamili. Alikuwa kijana mwenye adabu, kofia ngumu kwapani, na barua yangu mkononi. Nilifurahi kuiona barua yangu. Alinisalimia shikamoo, akasema ameisoma mara mbili, si kawaida watu kuandika mambo kwa mpangilio.

"Sasa nionyeshe nyufa, mama."

Nilimwonyesha mahali. Niliweka kidole kwenye rangi. Alipiga piga kwa kifundo, akasikiliza, akawasha tochi akazimulika kuta kwa ubavu. Ulionekana mstari hafifu wa kujazia. "Kuna ufa ulijazwa hapa," akasema. "Lakini ufa uliojazwa sijui kama ulikuwa unatembea au umelala miaka ishirini. Tarehe za kwenye plasta ndizo nilizozifuata. Nani ana picha?"

Watu walitoa simu. Picha zilikuwa nyingi. Mwenyekiti na brashi, kinyozi kwenye stuli, watoto wamepaka pua zao rangi. Za ukuta mpya zilikuwa zaidi ya thelathini. Ya ufa haikuwepo hata moja. Simu yangu mimi ni ya kupigia tu.

Nilimpa daftari langu. Nilikuwa nimezinakili tarehe zote. Alizisoma, akalifunga taratibu.

"Mwandiko mzuri, mama. Lakini tarehe bila ufa ni kama cheti bila mtu."

Chini, kwenye saluni, nguzo ilikuwa ndani ya kasha la mbao lililopakwa rangi, na kioo kirefu kimegongomelewa mbele yake. Mkaguzi alijiona mwenyewe mzima mzima, kofia na yote. Aliniambia hana kibali cha kubomoa kitu cha mtu, ila mwenyewe akiridhia.

"Kesho nina harusi mbili, afande," kinyozi akasema. "Maharusi na wapambe. Njoo hata wiki ijayo nitafungua, sina neno. Lakini nguzo ipo. Imechongwa tu."

"Imechongwa au imekatwa?"

"Muulize fundi huyu," kinyozi akasema kwa heshima. "Yeye aliiona."

Watu wote wakamgeukia mume wangu. Alikuwa amevaa shati lake la kwendea kanisani, lililopigwa pasi.

"Nondo ngapi zilikatwa, mzee?" mkaguzi akauliza.

"Tatu."

"Kati ya ngapi?"

Mume wangu alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta. Swali hilo angelijibu usingizini kwa miaka arobaini na moja. "Sita," akasema. Kisha, "Nane. Ile ya ghorofa ya nne ilikuwa nane."

"Ghorofa ya nne, mzee? Hii ni ya chini."

"Ya chini. Ndiyo. Ya chini ni…" Akaangalia kiganja chake. Mwalimu wa hesabu alikohoa. Mwenyekiti akasogea, akamshika mkono kwa upole, vile vile walivyozoea.

"Mzee wetu amechoka," akasema. "Ametoka hospitali jana."

Niliomba kimya kimya. Nilisema, Bwana, mpe namba hiyo moja tu, nyingine zote uchukue. Mume wangu aliinamisha kichwa. Namba haikuja.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kando kwamba nitie plasta nyingine, ningoje, zikikatika nipige picha, niandike tena. Zamu yetu ingerudi baada ya miezi minne, mitano. Taarifa yake ilikuja baada ya siku kumi, na mwenyekiti aliibandika kwenye ubao, juu ya tangazo langu: hali ya jengo inaridhisha, hakuna nyufa za wazi, usafi wa kuigwa. Chini yake aliandika kwa mkono wake azimio la kamati: ni marufuku kuchafua kuta za pamoja kwa plasta, misumari au maandishi.

Nilikoroga plasta hata hivyo. Nilimpelekea bakuli, tuipake kwa binti yetu, ambako ni ndani kwa mtu na kamati haina neno.

"Weka chini," mume wangu akasema. "Labda nilikosea."

"Hukukosea. Kidole changu kiliingia."

"Labda na wewe ulikosea kwa kunipenda." Hakusema kwa ubaya. Plasta iliganda kwenye bakuli, na mimi sikujua kuipaka.

Majibu ya hospitali yalisema kumbukumbu inapungua na itaendelea kupungua. Binti yetu aliyapokea kama aliyeshushiwa mzigo. "Umeona, mama," akasema, na alinikumbatia. Nilimwambia ahame, hata kwa shemeji yake, hata mwezi mmoja. "Nimwambie nini mume wangu? Kwamba baba kachora dirisha?" Na ukweli ni kwamba hakukuwa na pa kwenda. Nyumba zile ndizo tulizonazo, yeye ya kwake na sisi ya kwetu, na hakuna mtu anayenunua nyumba kwa anayemwambia kwa nini anaiuza. Kumdanganya mnunuzi akalaza watoto wake pale, nilishindwa hata kuliombea hilo.

Baada ya hapo mume wangu hakutaja nguzo tena. Majirani walisema ametulia. Alianza kuwachukua wajukuu kila siku, akitoka nao asubuhi mara wakishakunywa uji, akiwarudisha kula, akitoka nao tena hadi jua linapozama. Aliwapeleka kwenye uwanja mtupu ng'ambo ya barabara, wanapochezea mpira. Punde mwalimu wa hesabu akamwomba aongozane na wa kwake. Kisha fundi cherehani akaleta watatu. "Babu anapenda watoto," walisema, "na mazoezi yanamfaa." Mwenyekiti aliisifu kamati kwa hilo, ingawa kamati haikufanya lolote. Binti yangu alipata muda wa kulala mchana.

Nilimpelekea maji uwanjani siku moja, wiki ya tatu. Watoto walikuwa tisa. Walicheza upande wa mbali tu, kule kwenye majani makavu, na upande wa karibu, wenye kivuli na udongo laini, ulikuwa hauna mtu. Kulikuwa na mstari umechorwa ardhini kwa fimbo, mrefu, umenyooka kama uzi wa mwashi.

"Bibi, usisimame hapo," mjukuu wangu akasema. "Babu anasema ukivuka umekufa."

"Ni mchezo gani huo?"

"Ndio hivyo. Ukivuka umekufa."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameketi juu ya tofali, fimbo magotini, anatazama jengo letu. Kisha nikaelewa alichokuwa amefanya. Alikuwa amepima kimo cha jengo kwa jicho, akakilaza barabarani hadi uwanjani, akaongeza hatua kadhaa za vumbi na vipande vinavyoruka, na pale ndipo alipochora. Kila saa waliyokaa ng'ambo ya mstari ilikuwa saa aliyoipata. Zaidi ya hapo hakuwa na uwezo.

"Nondo ni nane," akaniambia, bila kuniangalia. "Usiku ule ule alipoondoka mkaguzi ilinijia. Nane, amekata tatu za upande mmoja. Lakini sasa nitamwambia nani?"

Nilikaa chini kando yake.  Tuliwahesabu watoto. Tisa.

Saa kumi na moja mvua ilianza, matone makubwa ya mbali mbali kwanza. Madirisha yakafunguka ng'ambo, moja baada ya jingine, na mama zao wakaanza kuwaita.

"Mzee, warudishe! Watalowa!"

"Subiri kidogo," mume wangu akawaambia watoto. "Ni manyunyu tu. Itapita."

Haikupita. Ilishuka kwa nguvu, na wadogo wakaanza kulia. Mume wangu alivua koti, akalitandaza juu ya vichwa vinne, vitano, kadiri lilivyotosha.  Binti yetu alivuka barabara akikimbia na mwavuli, na nyuma yake mwalimu wa hesabu na fundi cherehani, wamejifunika mifuko.

"Baba jamani, unataka wapate homa?"

"Kaa nao hapa kidogo. Chini ya mwavuli. Kidogo tu."

"Hapa kwenye matope? Nyumbani ni pale pale." Alimchukua mdogo mgongoni, akamshika dada yake mkono. Aliongea taratibu, kama anavyowasemesha watoto. "Twende, baba. Twende ndani."

Waliondoka wawili wawili. Mume wangu alimgusa kila mtoto kichwani alipompita, na midomo yake ilikuwa inasema namba. Tulibaki sisi wawili, maji yanatutiririka shingoni. Nilijua nikimwambia tubaki, angebaki. Lakini wale watoto walikuwa wanapanda ngazi, mmoja baada ya mwingine, na taa ya ghorofa ya tatu ilikuwa imewashwa.

Alinyanyuka kutoka kwenye tofali. Nilimpa mkono, tukavuka barabara.

Mwenyekiti alikuwa ameshikilia mlango wazi kwa ajili yetu, taulo begani.

"Maskini, mmeloa chapachapa," akasema. "Futeni miguu, ndio kwanza nimepiga deki."

Tukafuta miguu.